UZI: Visima vya mashine Unguja na Pemba. Maji yakiingia chumvi, usikubali kuambiwa "tushuke zaidi"

#1 Dole_Chini

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Ukipita njia ya Paje mpaka Makunduchi, au ukienda Matemwe na Pwani Mchangani, siku hizi hukosi gari la kuchimbia limesimama kiwanjani. Kila anayejenga anachimba chake. Na kila kikianza kuingia chumvi, mwenye nyumba anaambiwa maneno yale yale: tushuke zaidi, chini kuna maji matamu. Kwa sehemu kubwa ya pwani yetu ya mashariki maneno hayo si kweli, na yanatuharibia kitu ambacho hatuna chengine cha kukiweka mahali pake.

Tuanze na kilichoko chini ya miguu yetu. Unguja hatuna ziwa wala mto mkubwa, na vijito tulivyonavyo vingi vikifika kwenye mawe hupotelea ardhini. Maji tunayokunywa, ya mfereji (bomba) na ya kisima, ni mvua iliyozama. Chini ya mvua hiyo iko bahari, imepenya ndani ya mawe kutoka pande zote za kisiwa. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni mepesi kidogo kuliko maji ya chumvi, basi yanaelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Hesabu yake inajulikana kwa zaidi ya miaka 100: kila mita 1 ya maji baridi iliyosimama juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo iko kama mita 40 ya maji baridi inayoishikilia.

Watu wakisikia mita 40 wanafurahi. Igeuzeni hesabu hiyo. Kule uwandani, kwenye ardhi ya mawe karibu na pwani, maji kisimani husimama sentimita chache tu juu ya usawa wa bahari. Tuseme ni sentimita 20. Mara 40, unapata mita 8. Hiyo ndiyo akiba yako yote ya maji baridi kwenda chini, na mwisho wake si mstari uliokatwa kwa kisu, kuna tabaka la maji ya mchanganyiko. Sasa fundi akishuka mita 30 chini ya hapo amekupeleka wapi? Amekupeleka baharini.

Halafu pampu. Ukivuta kwa nguvu, usawa wa maji pale kwenye bomba unashuka. Ukiuteremsha sentimita 10 tu na ukaendelea kuvuta hivyo hivyo, chumvi iliyo chini ya kisima inapata nafasi ya kupanda kama mita 4. Haiji siku moja. Inapanda polepole kama koni iliyoelekezea ncha yake kwenye pampu yako, na ikishafika, kuirudisha chini kunachukua muda mrefu kuliko kuipandisha. Kwa hiyo ukiona chumvi imeanza, dawa ni kuvuta kidogo kwa saa nyingi, na kuvuta kutoka juu. Kuongeza kina na kuongeza mota ndiyo kuimaliza kabisa.

Upande wa magharibi na kati kwenye udongo, Dole, Bumbwisudi, Mwera, hali ni nzuri zaidi, na huko kina kirefu kinaweza kuwa sahihi. Ndiyo maana sisemi kisima kirefu ni kibaya. Nasema kabla ya kuchimba ujue uko juu ya nini, na ukishachimba upime.

Na sheria ipo. Sheria ya Maji ya Zanzibar Namba 4 ya 2006 ndiyo iliyoianzisha ZAWA, Mamlaka ya Maji Zanzibar, na kuchimba na kuvuta maji ya ardhini kunakwenda kwa kibali. Wengi humu, nina hakika, tumechimba bila ya kukiuliza. Karibuni tuzungumze.

#2 Bwejuu_Wageni

Waalaykum salaam. Mzee wangu, uzi huu umenikuta pabaya kabisa.

Nina nyumba ya wageni, vyumba 10. Kisima changu mwanzo maji yake tukiyanywa. Sasa hivi chai ukiipika unaijua tu kwamba maji yamebadilika, sabuni haitoki povu, na vichwa vya shawa vinaziba kwa ukoko mweupe. Fundi aliyenichimbia anataka aongeze mita 15 na aweke pampu kubwa zaidi. Muuzaji mmoja wa vifaa naye akaniuzia mashine ya kulainisha maji, akasema itaondoa chumvi. Ladha iko pale pale.

Ila mimi nauliza, kwa nini tubanwe sisi wenye vyumba 10 wakati jirani yangu ana bwawa la kuogelea na bustani ya majani ya kumwagiwa asubuhi na jioni?

#3 Mchimba_Visima

Mimi ni fundi wa kuchimba, na nataka watu wasikie upande wetu pia. Mteja anakuja na sharti moja: maji mengi, leo. Ukimwambia "bwana, hapa tusimame, tufunge pampu ndogo," anamwita mwengine, na yule mwengine anashuka. Mafundi wabaya wapo, sikatai, lakini wapo na wateja wanaowatafuta.

Fundi anayejua kazi hachimbi kwa macho tu. Kwenye mawe ya uwandani, tunapopuliza upepo kuyatoa maji na unga wa mawe, mimi nakinga ndoo kila baada ya mita chache na nachomeka kipimo cha chumvi. Namba zinakwenda 900, 950, 1,000, zimetulia. Halafu mara zinaruka 1,600, 2,300. Hapo unasimama. Ukishapita, basi rudi: unajaza chini kwa saruji mpaka pale maji yalipokuwa mazuri, ndipo ushushe bomba lako. Kisima kilichopita kikaachwa wazi chini ni njia ya chumvi kupanda, kwako na kwa jirani yako.

Nyengine ni saruji ya juu. Ile nafasi kati ya ukuta wa shimo na bomba, mita za mwanzo, lazima izibwe, na bomba litokeze juu ya sakafu na kifuniko chake. Wateja wengi hapo ndipo wanapotaka tupunguze gharama, na hapo ndipo uchafu unapoingilia.

#4 Dole_Chini

@Mchimba_Visima Allah akuzidishie. Mafundi wa namna yako ndio tunaowataka. Namba hizo ulizozitaja ni maikrosimensi kwa sentimita, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme: chumvi ikizidi, namba inapanda. Maji ya bahari yanafika kama 50,000. Kisima kitamu kwetu kinakaa chini ya 1,000 au karibu yake. Kipimo chenyewe ni kidogo, mfano wa kalamu, si ghali, na kila mwenye kisima cha mashine awe nacho.

@Bwejuu_Wageni Pole sana. Uliyouziwa si dawa ya ugonjwa wako. Una matatizo mawili na yasichanganywe. La kwanza ni ugumu: mvua inapita kwenye mawe ya chokaa, inabeba chokaa, na hiyo ndiyo inayoua povu na kuziba shawa. Mashine ya kulainisha inaondoa chokaa na kuweka sodiamu mahali pake, basi ukoko unaweza kupungua. La pili ni chumvi ya bahari, na hiyo mashine hiyo haiigusi. Kuchemsha pia hakusaidii. Maji yanaondoka kwa mvuke, chumvi inabaki sufuriani.

Usiongeze kina. Mwambie fundi apime chumvi ndani ya kisima kwa vituo, juu, katikati na chini, kabla pampu haijawashwa. Ikionekana juu ni nafuu na chini ni mbaya, zibeni sehemu ya chini kwa saruji, pampu ipandishwe, na iwekwe ndogo. Badala ya kuvuta saa mbili kwa kishindo, iache ivute kidogo kidogo kutwa nzima hadi usiku ijaze tangi, na tangi lenyewe liwe kubwa. Ukiwa na nafasi kiwanjani, visima viwili vifupi vinavyovuta kidogo ni bora kuliko kimoja kirefu. Halafu mpe muda, msimu wa masika mmoja au zaidi, ndipo uhukumu.

Kuhusu jirani yako, suali lako ni la haki. Utafiti uliochapishwa 2001 juu ya pwani yetu ya mashariki ulikuta mtalii mmoja anatumia kwa wastani lita 685 kwa siku, na mwenyeji lita 48. Na sehemu kubwa ya maji ya hoteli ilikwenda kwenye bustani na mabwawa. Kwa hiyo ndiyo, mwenye majani abanwe kwanza. Lakini piga na hesabu yako. Vyumba 10, wageni 20, kwa wastani ule ni lita 13,700 kwa siku. Hayo ni maji ya watu zaidi ya 280 wa kijijini. Wewe si mdogo kama unavyojiona, na maji mnayavuta mahali pamoja.

#5 Kinyozi_wa_Kwerekwe

Samahani wakubwa, mimi nataka kusema jambo ambalo halitapendeza. Mnazungumza vibali, vipimo, saruji. Mtaani kwetu mfereji unatoa maji usiku wa manane, na wiki nyengine hautoi kabisa. Mama yangu mtu mzima anaamka saa nane za usiku kusikiliza kama mfereji unalia. Nimechimba kisima kwa pesa ya kuungaunga, na majirani wote wanachota kwangu bure. Leo niambiwe nimefanya kosa? Waliotakiwa kutuletea maji wameshindwa, tukajisaidia, sasa tunafuatwa sisi.

#6 Pikipiki_Bara

Kwani kibali si kinatolewa na Bodi ya Maji ya Bonde? Huku kwetu tunakwenda Wami/Ruvu. Nyie mnaunganishwa na bonde gani?

#7 Dole_Chini

@Pikipiki_Bara Hapana ndugu yangu. Maji si jambo la Muungano. Sheria ya usimamizi wa rasilimali za maji ya 2009 pamoja na bodi zake za mabonde ni ya Tanzania Bara. Zanzibar tuna sheria yetu, mlango wa kugonga ni ZAWA. Bei za maji ziko chini ya ZURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za maji na nishati, iliyoundwa kwa sheria ya 2013, na mradi mkubwa kama hoteli unapita pia ZEMA, mamlaka ya mazingira, kwa tathmini ya athari za mazingira. Nimeona watu wakija na fomu za Bara mkononi, wanapoteza nauli.

@Kinyozi_wa_Kwerekwe Kaka, sitakubishia hata neno moja kuhusu mama. Anayemnyima maji jirani na anayempa hawalingani, na wewe umetoa. Mimi nikisema kibali sisemi ili ufuatwe. Nasema hivi: mamlaka isipojua kisima chako kipo, haitakihesabu. Itapanga kuchimba kisima chake kikubwa mita chache kutoka kwako, au itamruhusu mwengine, na nyote wawili mtakauka au mtaingia chumvi. Orodha ya visima ndiyo inayotuwezesha kudai. Bila ya orodha, mwenye pampu kubwa ndiye anayeamua.

Na kwa upande wa mjini kuna jambo linaniuma zaidi. Chemchemi za Bububu na Mtoni zimeinywesha Zanzibar kwa muda mrefu. Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888, ndiye aliyeyatoa maji ya huko kwa mabomba mpaka mjini. Maji yale yanazama kutoka maeneo kama msitu wa Masingini. Tunapojenga juu ya maeneo hayo, tunaweka sakafu na makaro ya choo pale mvua ilipokuwa ikiingia. Halafu tunalalamika mfereji haulii. Hapo lawama ni ya wanaogawa viwanja na ya wanaovinunua, wote.

#8 Umm_Salha

Assalaam alaykum. Mimi ni muuguzi, na naomba tuzungumze uchafu, maana kwenye uzi mzima chumvi imeshika nafasi yote. Chumvi angalau unaionja. Kinachouwa huwezi kukionja.

Kaka wa Kwerekwe, suali langu ni moja: karo la choo liko umbali gani na kisima? Na la jirani je? Mwongozo unaotumiwa sana duniani unasema angalau mita 30 kati ya choo na chanzo cha maji, na chini ya shimo la choo pawe juu ya maji ya ardhini kwa mita moja na nusu. Viwanja vyetu vingi mjini havina hata hizo mita 30 kutoka ukuta mpaka ukuta. Na hizo mita 30 ni za udongo. Kwenye mawe yenye nyufa na mapango, uchafu hauchujwi, unapita kama unavyopita kwenye mfereji.

Tumeuguza kipindupindu visiwani kwetu mara nyingi tangu miaka ya 1970. Serikali imeweka mpango wa kukiondoa kabisa unaokwenda mpaka 2027, na maji ndiyo kiini cha mpango wenyewe. Mama anakwambia "maji ya kisima changu ni meupe, yanang'ara." Weupe si usafi.

Jambo la pili ni naitreti, inayotoka kwenye makaro na kwenye mbolea. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, kisizidi. Ikizidi, mtoto mchanga anayechanganyiwa maziwa ya kopo kwa maji hayo damu yake inashindwa kubeba hewa. Midomo na kucha vinageuka rangi ya buluu. Na hapa nasisitiza: kuchemsha hakuondoi naitreti. Kunaiongeza, kwa sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki. Mwenye mtoto mchanga na kisima karibu na makaro apeleke maji maabara kwanza. Mkemia Mkuu wa Serikali anapima, na ZAWA pia waulizwe. Mwambie wazi unataka kipimo cha vijidudu, naitreti na kloraidi (ya chumvi), si "kipimo cha maji" tu. Na chupa ya kuchukulia sampuli ya vijidudu uipate kwao, usibebe chupa ya soda uliyoisuuza.

#9 Mtambwe_Kaskazini

Sisi Pemba mnatusahau. Huku vilima, udongo wa mfinyanzi, vijito vipo, na visima vyetu vingi ni vya kuchimba kwa mkono, vya ndoo na kamba. Kwetu chumvi si tatizo kubwa, ingawa ndugu zetu wa Micheweni kwenye mawe wanayajua mateso hayo. Suali langu kwa dada Umm_Salha: kisima chetu cha mtaa baada ya mvua za masika maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Watu wanatupia klorini kwa kukisia, mara harufu inawachoma, mara haipo kabisa. Tufanyeje?

#10 Umm_Salha

@Mtambwe_Kaskazini Kaka, maji yakiwa ya matope klorini inamalizwa na matope, vijidudu vinabaki salama. Basi kwanza mzuie matope: jengeni ukingo wa kisima uinuke, sakafu ya saruji yenye mteremko pembeni, mfereji wa kupeleka maji yaliyomwagika mbali, kifuniko, na ndoo moja ya kisima isiyowekwa chini. Ile ndoo inayotoka nyumba kwa nyumba ndiyo inayoingiza uchafu.

Baada ya mafuriko msafishe kisima chote. Kwa unga wa klorini wa asilimia 65, lita 1,000 za maji ya kisimani zinataka kama gramu 77. Uyeyushe kwanza ndani ya ndoo ya maji mahali pa wazi penye upepo, umimine yale maji ya juu, uache usiku kucha bila ya mtu kuchota, halafu myatoe maji mpaka harufu iishe. Asiingie mtu kisimani wakati huo.

Ya kunywa kila siku yatilieni dawa tangini au ndooni, si kisimani. Tangi la lita 1,000 la maji safi ya kuonekana, gramu 3 za unga huo zinatosha kuanzia. Subiri nusu saa, kisha pima klorini iliyobaki: inatakiwa kama miligramu 0.5 kwa lita. Haipo, ongeza kidogo. Na unga uwekwe pakavu, pasipo jua. Kwa joto letu dawa inapoteza nguvu, ukidhani umetia kumbe umetia chokaa.

#11 Northampton_Mzanzibari

Nasoma nikiwa Uingereza. Huku England mtu anaruhusiwa kuvuta mpaka mita za ujazo 20 kwa siku, yaani lita 20,000, bila ya leseni. Akizidisha hapo lazima leseni. Halafu kuna kanuni za 2016 za maji ya watu binafsi: kama kisima kinahudumia wapangaji au biashara, halmashauri inafanya tathmini ya hatari angalau kila miaka mitano na inapima maji. Nyumba ya mtu mmoja anayekaa mwenyewe, wanakuja akiwaomba. Kwa nini sisi tusiweke kiwango kama hicho ili watu wadogo wasisumbuliwe?

#12 Dole_Chini

@Northampton_Mzanzibari Ahsante, ni mfano mzuri, na sehemu ya pili ningependa tuichukue kama ilivyo: anayewapa maji watu wengine kwa biashara apimiwe kwa ratiba, na majibu yabandikwe ukutani. Sehemu ya kwanza siikubali kwetu. Rudi kwenye hesabu ya Bwejuu: lita 13,700. Kwa sheria ya huko nyumba ile isingehitaji leseni. Nyumba kama ile 50 kwenye ukanda mmoja wa pwani, zote "ndogo", zingemaliza maji ya kijiji na hakuna hata moja ingeonekana kwenye vitabu. England inayo mito na ardhi nene. Sisi tuna tabaka la mita chache juu ya bahari. Kiwango chetu kifuate unene wa maji ya mahali: Dole kimoja, Jambiani chengine.

#13 Maalim_wa_Chuo

Niongeze kwa ufupi. Mtume, rehma na amani zimshukie, amesema watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Na wanavyuoni wameweka harimu ya kisima, eneo linalokizunguka ambalo mwengine haruhusiwi kuchimba au kufanya jambo la kukidhuru. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba kuuliza umbali kati ya kisima na kisima, au kisima na karo, ni urasimu tu wa ofisini. Dini imelitangulia. Masheha wetu, viongozi wa mitaa, wangelipa uzito huo kwenye shehia zao kabla ya kutia saini, ugomvi mwingi wa majirani usingefika mahakamani.

#14 Bwejuu_Wageni

Nimefuata ushauri, fundi kapima. Juu 2,100, katikati 3,400, chini 7,800. Nimekubali kuziba chini na kuweka pampu ndogo. Maji ya bustani nimeyasimamisha, miti nitaipa maji yaliyoogewa. Lakini wageni wapo sasa hivi na 2,100 bado si tamu. Kuna mashine ya RO ya kuondoa chumvi naambiwa inamaliza kila kitu. Niinunue?

#15 Dole_Chini

@Bwejuu_Wageni Namba zako zinasema kila kitu. Kama ungeongeza mita 15 ungekuwa unasukuma maji ya karibu na bahari yenyewe.

RO inafanya kazi, inasukuma maji kwa nguvu kupitia utando unaozuia chumvi. Lakini uangalie mambo yake. Umeme wake ni mwingi. Maji yote hayapiti. Sehemu kubwa inatoka kama uchafu wa chumvi kali, na kwa mashine ndogo mara nyingi yanayomwagwa ni mengi kuliko yanayopatikana. Ukiyamwaga kwenye karo au shimo la kiwanjani, umeyarudisha kwenye kisima chako na cha jirani, na utavuta zaidi kuliko mwanzo ili upate kile kile. Kabla hujanunua, waulize ZEMA na ZAWA maji hayo yatakwenda wapi, na jibu liwe la maandishi. Na utando bila ya kuzuia chokaa mbele yake, kwa mawe yetu haukai. Hapo ndipo mashine yako ya kulainisha inaweza kupata kazi, ikitangulia mbele ya utando.

Mimi ningekushauri RO ndogo ya maji ya kunywa na ya jikoni peke yake. Kuoga na kufulia, tumia ya kisima kwa kiasi. Na paa lako ulitazame upya. Kama sehemu ya paa ni bati, mita za mraba 100 kwa mvua ya milimita 1,000 zinakinga lita 100,000. Ondoa moja ya tano inayopotea, zinabaki 80,000 kwa mwaka. Wazee wetu walikuwa na mabirika, hata misikiti ya zamani ina mabirika. Makuti hayafai kwa maji ya kunywa, na mvua ya mwanzo imwage, imeosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi lifunikwe na litiwe wavu, vyenginevyo utafuga mbu.

#16 Kinyozi_wa_Kwerekwe

@Umm_Salha dada, nimepima kwa kamba. Karo langu mita 11. La jirani 9. Nimepeleka maji maabara, vijidudu vimo, naitreti 38. Wanaochota nimewaambia ukweli.

#17 Umm_Salha

@Kinyozi_wa_Kwerekwe Allah akulipe kwa kuwaambia. 38 iko chini ya 50, lakini si mbali nayo, pima tena baada ya masika. Kwa vijidudu, tia klorini kwenye tangi kila unapolijaza, kwa kipimo nilichokitaja juu, na waambie wenye watoto wachanga wachukue maji kwengine kwa sasa. Mkipata nguvu, lile karo la mita 9 lijengwe upya la kuta na sakafu ya saruji, liwe la kunyonywa na gari. Zungumza na jirani kwa upole, mpeleke na sheha mkihitaji. Na kamwambie mama apumzike usiku, maji ya tangi yatamtosha.

#18 Bwejuu_Wageni

Suali la mwisho mzee wangu. Nikishaweka pampu ndogo, nipime mara ngapi, na saa ngapi? Leo asubuhi imesoma 1,900 na jioni 2,300, sijui niamini ipi.

#19 Dole_Chini

@Bwejuu_Wageni Uziamini zote mbili, ila usizilinganishe. Asubuhi pampu imelala, jioni imevuta kutwa. Chagua saa moja, mimi napenda asubuhi kabla ya kuwasha, na uishike hiyo hiyo kila wiki. Chukua maji ya bombani pale kisimani, si ya tangini, yaache yatoke dakika chache kwanza. Kwenye daftari andika na tarehe ya mwezi mwandamo pembeni, maana visima vya pwani vinafuata bahari: kwenye bamvua, maji makubwa ya mwezi mosi na kumi na tano, namba inaweza kupanda bila ya wewe kufanya kosa lolote, na kwenye maji mafu ikashuka. Linganisha bamvua na bamvua. Cha kutazama zaidi ni vipimo vya mwisho wa kaskazi, kabla mvua hazijaanza. Namba ya kaskazi ya mwakani ikiwa chini ya ya mwaka huu, kisima kinapona. Ikiwa juu, punguza kuvuta tena, na niandikie hapa hapa.